Nyayo za Fundi na Moto wa Baridi

Mimi nachonga funguo, na meza yangu ya kazi imebanana na benchi letu pale kwenye kona, kwa hiyo hakuna upuuzi unaosemwa hapo ambao haunipitii sikioni kwanza. Benchi lenyewe ni mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali. Kitasa kilitolewa, tundu lake likabaki, na anayechelewa kufika ndiye anayekalia tundu. Asubuhi ile nilikuwa na rundo la funguo za watu na kichwa kinanigonga, nikajiapiza kwamba leo siingilii mjadala wa mtu. Shangazi, muuza kahawa, alikuwa ameshaweka birika kwenye makaa. Tunamwita Shangazi ingawa hana undugu na yeyote kati yetu, jambo ambalo yeye mwenyewe humshukuru Mungu kwalo, kwa sauti. Rejeta, fundi magari, mtu wa mwili, alikuwa amekaa upande mmoja. Fezi, fundi umeme, mwembamba asiyetulia, alikuwa upande wa pili na bisibisi nyuma ya sikio. Akakosekana fundi cherehani tu, ambaye sisi wote humwita Fundi, kana kwamba hao wengine ni wapita njia. Mara huyo, anakuja peku, viatu mkononi, anainua miguu juujuu kama anakanyaga bati la mchana.

Rejeta: We Fundi, viatu vimekukosea nini?

Fundi: Sogeeni nikae. Nyayo zinawaka.

Fezi: Zinawaka vipi?

Fundi: Moto, Fezi. Moto moto. Jana nimeshindwa kukanyaga pedeli. Nikigusa tu, naona kama nimetia mguu kwenye jiko la Shangazi. Sare za shule zimenijaa mpaka dirishani, wazazi wanapiga simu, nawaambia nipo njiani.

Fezi: Njiani wapi, na wewe hutembei?

Fundi: Ndiyo maana sifiki.

Tukacheka. Yeye hakucheka. Alikaa kwenye tundu la kitasa bila kulalamika, na hapo nikajua mambo si mazuri, maana Fundi hulalamikia hata kivuli.

Fundi: Nimekwenda kwa Tabibu.

Tabibu ni mama mmoja aliyepanga chumba ghorofani, juu ya duka la rangi. Anatibu kwa Ayurveda, zile tiba za kale za Wahindi, za mafuta, mizizi na kuchagua chakula. Chumba chake kisafi, kina kitanda chembamba na chupa zimepangwa kwa urefu. Ukiingia hakuulizi unaumwa nini. Anakuuliza unakula nini, unalalaje, na nani alikuudhi mara ya mwisho.

Rejeta: Kasemaje?

Fundi: Kasema mwili wa mtu una vitu vitatu. Upepo, moto na ute. Kila mtu kazaliwa na kipimo chake. Upepo ukivurugika, viungo vinauma, mgongo unakaza. Moto ukizidi, unawaka. Mimi wangu umefurika mpaka umeshuka miguuni.

Fezi: Na mimi?

Fundi: Wewe hata hakukuona, nilimweleza tu. Kasema wewe upepo mtupu. Hutulii, hunenepi, unaongea bila kituo.

Fezi: Mama yule anajua.

Rejeta: Na mimi?

Fundi: Wewe ute.

Rejeta: Nini?

Fundi: Ute, ndugu yangu. Mwili mkubwa, mwendo wa taratibu, usingizi mzito.

Rejeta: Mimi, mwanaume mzima, baba wa watoto, niitwe ute? Kama konokono?

Shangazi: Usimwingize konokono, yeye hufika anakokwenda.

Nilitaka kucheka, nikauma ufunguo uliokuwa mdomoni. Shangazi akaanza kumimina. Fundi akanyoosha mkono kupokea kikombe chake, halafu akaurudisha mapajani. Hatukuwahi kuona mkono wa Fundi ukirudi bila kikombe.

Fundi: Kanipa masharti. Nipake nyayo mafuta ya nazi. Ninywe maji ya mbegu za giligilani zilizolowekwa. Unga wa msandali niukande na maji, nijipake panapowaka. Samli kidogo kwenye chakula. Niache pilipili, niache siki, niache vya kukaanga.

Shangazi: Hayo si masharti, hayo ni kudekezwa.

Fundi: Kasema pia nikapime damu kwanza hospitali, sukari na sijui nini, nimpelekee majibu ndipo aendelee na mimi.

Rejeta: Hayo ya damu baadaye. Endelea na ya moto.

Fundi: Na niache kahawa.

Mkono wa Shangazi ukasimama hewani, kahawa ikaendelea kutoka mpaka ikafurika kikombe cha Fezi na kumwagikia suruali. Fezi hakusogea.

Shangazi: Rudia.

Fundi: Kasema kahawa ni moto, Shangazi. Si mimi niliyesema.

Shangazi: Bila shaka ni moto! Nani anakunywa ya baridi? Basi nitakupozea. Nitaiweka kivulini mpaka ikuombe blanketi.

Fundi: Nilimuuliza hivyohivyo. Kasema hata ikipoa ni moto. Si moto wa jiko, ni moto wa tabia.

Shangazi: Moto wa baridi!

Fundi: Ndivyo.

Shangazi: Kwa hiyo nina moto wa baridi kwenye birika, siku zote hizi, na sikuambiwa. Ningenunua makaa ya nini?

Fundi: Na bado. Kasema niache ubishi.

Hapo hata mimi nikaweka chini tupa yangu ya kuchongea.

Fezi: Ubishi umemkosea nini?

Fundi: Unachochea moto. Hasira, makelele, kushindana, kutaka uwe na neno la mwisho. Kasema nikae na watu watulivu, wenye maneno mazuri.

Tukatazamana. Rejeta akamtazama Fezi, Fezi akanitazama mimi, mimi nikamtazama paka wa duka la rangi. Benchi letu lina vitu viwili tu, kahawa na ubishi. Ukiviondoa unabaki na mlango usiofunguka.

Fundi: Jamani, naogopa. Nawaambia kweli. Watu wanadhani mtu anashona kwa mikono. Cherehani ni miguu. Miguu ikinikatalia, mimi si fundi tena, ni mtu aliyekaa karibu na meza ya chuma.

Fezi: Nitakufungia mota. Unabonyeza kidogo tu, inashona yenyewe.

Fundi: Nikibonyeza nabonyeza kwa nini, kwa pua? Na nikikaa nyumbani bila kahawa na bila nyinyi, nitakaa na nani? Shemeji yenu ameshaniambia, ukiwa humu ndani hata sufuria zinakosa raha.

Sikupenda kumsikia hivyo. Rejeta naye hakupenda, akakohoa, akanyoosha mgongo, na nikajua sasa tumekwisha, maana Rejeta akinyoosha mgongo ana nadharia.

Rejeta: Sikilizeni. Mama yule namheshimu, lakini magari hajafungua. Gari likichemka unafanyaje? Unaliongezea maji. Kahawa ni nini? Ni maji. Maji yaliyovaa koti jeusi. Ukimnyima mtu anayechemka maji, unaua injini.

Fundi: Sasa mbona nachemka miguuni?

Rejeta: Kwa sababu juu pameziba. Rejeta ya mtu ni kichwa. Ndiyo maana ukiwa na homa unashikwa paji la uso, hushikwi goti. Wewe kichwani umefuga nywele, na juu ya nywele unavaa kofia, na juu ya kofia unaweka tepu ya kupimia. Joto litokee wapi? Linateremka. Nyoa, utapona kabla ya adhuhuri.

Fezi: Mtu wa ute akiongea, maneno yanateleza. Hilo si joto. Ni umeme.

Rejeta: Tumeanza.

Fezi: Cherehani ni chuma, si chuma? Gurudumu linazunguka, si linazunguka? Kitu cha chuma kikizunguka kinazalisha umeme, hata mtoto wa shule anajua. Huyu bwana anauzalisha kwa miguu tangu ujana wake. Amezalisha wa kutosha mtaa mzima, na haujaenda kokote. Umerundikana nyayoni mwake. Halafu anavaa kandambili za mpira! Mpira unazuia, umeme hauwezi kushuka. Fundi, hukosi dawa. Unakosa ethi, waya wa kuuteremsha ardhini.

Rejeta: Umeme gani hauwashi taa?

Fezi: Ulishamjaribu na taa?

Rejeta: Wewe ni mpumbavu wa...

Fundi: Jamani! Moto unapanda!

Fundi alikuwa ameshika magoti, macho ameyafumba. Tukakumbuka masharti. Rejeta akashusha sauti mpaka ikafika mahali ambapo sijawahi kuisikia, sauti ya mtu anayembembeleza mtoto wa mwenzake.

Rejeta: Ndugu yangu mpendwa Fezi, kwa heshima na taadhima, wewe ni mpumbavu.

Fezi: Ahsante sana, kaka yangu. Nimepokea. Nami kwa unyenyekevu naomba kusema kwamba hata tochi ina akili kukuzidi.

Rejeta: Mungu akubariki.

Fezi: Na wewe pia, na injini zako zote zisizowaka.

Walikwenda hivyo kwa muda, wakitabasamu kama watu wanaopigwa picha. Ilikuwa inatisha. Mteja wangu mmoja alifika, akawasikiliza, akaniuliza kwa kunong'ona kama kuna msiba. Tatizo likawa Fundi mwenyewe. Kubisha kwa adabu kulimtesa kuliko kawaida. Alikuwa na majibu yamemjaa mdomoni, anajizuia, shingo imevimba, jasho linamtoka.

Shangazi: Huyu mtapasua. Mwacheni aseme.

Fezi: Asiseme! Fundi, hasira zako nipe mimi. Mimi ni mtu wa upepo, kwangu hazikai. Mtu akikuudhi, wewe nyamaza, nigonge begani. Nitafoka kwa niaba yako.

Fundi: Inawezekana?

Fezi: Watu wana mawakili mahakamani, sembuse hapa.

Rejeta: Tujaribu. Fundi, ile suruali uliyonishonea. Mguu mmoja mrefu, mwingine mfupi. Nikisimama wima naonekana nimeegemea kitu.

Fundi akatoa macho. Akafungua mdomo, akaufunga, akamgonga Fezi begani. Fezi akainuka, akavuta pumzi, akamnyooshea Rejeta kidole.

Fezi: Sikiliza wewe! Ile suruali... Ile suruali...

Fundi akamgonga tena.

Fezi: Ile suruali, Fundi, kusema ukweli niliiona harusini kwa binamu yake. Watu walikuwa wanampa kiti.

Fundi: Wewe ni wakili wa nani?

Fezi: Siwezi kufokea uongo, nina dhamira.

Fundi akamgonga mara ya tatu, na hii ilikuwa ngumi.

Fezi: Hii ya nani?

Fundi: Yako! Jifokee!

Fezi, mtu wa ahadi, akajifokea. Alisimama mbele ya benchi akajipa maneno makali hata mimi nikamwonea huruma. Akajiita msaliti, akajiuliza hadharani mama yake alimlea ili iweje, akajitishia kwamba akirudia atajipiga kibao. Rejeta akampigia makofi. Fundi akafuta jasho, akasema anahisi kama moto umepungua kidogo, upande wa kushoto.

Lile neno dogo ndilo lililotuharibu. Ukimwambia mtu wa benchi letu kwamba amepatia robo, anazitafuta robo tatu zilizobaki.

Shangazi: Kama hasira zinabebeka, kahawa nayo inabebeka. Rejeta, wewe ni ute, unahitaji moto. Kunywa cha Fundi. Yeye akutazame.

Rejeta akanywa. Fundi akamtazama mdomoni kama mtu anayesindikiza ndugu kwenye safari ndefu.

Shangazi: Unasikia chochote?

Fundi: Nasikia hamu.

Shangazi: Ongeza.

Rejeta akanywa kingine, na kingine. Halafu akakunja uso, akashusha kikombe, akatazama viatu vyake vikubwa vya gereji.

Rejeta: Jamani. Na zangu zinaanza.

Fezi: Zinaanza nini?

Rejeta: Kuwaka. Nyayo. Wallahi naapa, zinawaka!

Fezi: Umehama! Umeme umehama! Umepitia kwenye kikombe! Vua viatu, vua upesi!

Rejeta akavua. Sitaeleza harufu. Shangazi alibeba birika akasogea nalo hadi upande wa pili wa barabara, na kutoka huko akaendelea kutoa ushauri kwa kupaza sauti. Fezi naye akavua viatu, asije akawa njia ya umeme bila kujua. Paka akaondoka. Mimi niliyeapa kutoingilia nikajikuta nimevua ndala, kwa utafiti tu, na kweli nikahisi kitu, ingawa huenda ni kokoto.

Fezi: Sasa hakuna muda wa kubishana. Nafunga ethi. Tukianza na Fundi, wengine tutapona wenyewe.

Alitoa waya mwekundu mfukoni, akaumenya kwa meno, akachimbia ncha moja ardhini kwa bisibisi. Ncha nyingine akasema lazima ishike kidole gumba cha mguu. Rejeta akampakata Fundi miguu mapajani, nyayo zikatazama barabara, na Fezi akapiga magoti akaanza kuzungusha waya.

Fezi: Tulia. Usijitingishe.

Fundi: Mbona nimetulia.

Rejeta: Ukisikia unashuka, sema. Tusije tukaukausha wote, moyo nao unahitaji.

Fundi alikuwa anacheka sasa. Nilifurahi kumwona anacheka. Alikuwa amelala chali juu ya mlango, mikono chini ya kichwa, anatuambia sisi ni wendawazimu na kwamba atapona kwa aibu tu. Hapo ndipo alipofika mama mmoja. Hakuna aliyemjua. Alikuwa na mkoba begani, amekuja kufuata sare ya mwanawe baada ya kuchoka kuambiwa Fundi yupo njiani. Alisimama mbele yetu, upande wa nyayo. Akatutazama, wanaume peku na waya mwekundu. Nilitegemea matusi, na ningemwelewa.

Mama: Samahani. Hiyo pini imeingia lini?

Fezi: Si pini, mama, ni waya wa ethi. Tunamteremshia...

Mama: Sisemi waya. Hiyo hapo.

Akaelekeza kidole. Fezi akainamisha kichwa. Mimi nikaacha meza yangu nikaenda kutazama.

Ilikuwa pini ya ushonaji, zile za kushikizia kitambaa, zenye kichwa cha rangi. Imezama yote chini ya vidole vya mguu wa kulia. Kilichobaki nje ni kile kichwa cha kijani tu, kidogo kama punje ya mtama, na ngozi iliyokizunguka imevimba, imekuwa nyekundu na inang'aa. Haikuwa imeingia pale benchini. Kuna mahali ngozi ilikuwa imeanza hata kutoa maji.

Fundi: Pini gani?

Tukazidi kuinama.

Fundi: Nyinyi, pini gani?

Fezi akanyoosha kidole, akagusa kile kichwa cha kijani. Akakibonyeza kidogo. Mimi nikakunja uso kwa niaba ya mwenye mguu.

Fezi: Unasikia?

Fundi: Nasikia moto.

Fezi: Hapa?

Fundi: Kote. Umeshaanza kugusa?

Fezi akaondoa mkono. Shangazi alikuwa amevuka barabara kurudi bila birika, amesimama nyuma yetu. Rejeta bado ameshikilia ile miguu mapajani, kwa mikono yote miwili sasa, taratibu, kama kitu cha watu alichoazimwa. Asubuhi nzima tumemtibu mtu nyayo, tukazifokea, tukazinywea kahawa, tukazifunga waya, na hakuna hata mmoja wetu aliyeinama akazitazama.

Mama: Msiichomoe. Apelekwe hospitali, sasa hivi. Asikanyage.

Rejeta akambeba. Alimbeba mikononi kama bibi harusi, peku na yeye, akamwingiza kwenye gari la mteja aliloegesha pale kona baada ya kulitengeneza breki. Fundi alikuwa analalamika kwamba anaweza kutembea, kwamba hakuna kinachomuuma pale, na kila alipolisema hilo Rejeta aliongeza mwendo. Tuliingia wote. Mama wa sare alikuwa mbele, anamwonyesha Rejeta njia ya mkato. Fezi na mimi tulikuwa tunamfungua waya kidoleni.

Muuguzi alituweka kwenye chumba kidogo chenye kitanda kirefu na pazia. Akavaa glavu, akainua mguu, akautazama kwa muda mrefu. Akauliza kama Fundi amewahi kupimwa sukari, Fundi akasema aliambiwa akapime, bado. Muuguzi akamtoboa kidole, damu ikatoka, akaiweka kwenye kile kimashine chake. Akaandika. Uso wake haukubadilika, ila aliita mwenzake kutoka chumba cha pili. Kisha akavuta kiti, akakaa miguuni pa Fundi.

Muuguzi: Sukari yako iko juu sana, ndiyo inayokuunguza nyayo na kukuzuia usiisikie pini. Ni jana? Juzi? Wiki iliyopita? Nahitaji kujua imekaa humu muda gani.

Fundi hakujua. Akajiinua kwa viwiko, akatutazama sisi, mmoja baada ya mwingine, watu anaokaa nao kila asubuhi, akisubiri yeyote aseme. Rejeta akainama, akaanza kuutazama ule mguu wa pili.